Sufuria Moja, Uzito Mbalimbali: Nishati ya Chakula na Uzito Ufaao wa Mwili

Si jambo la nadra nchini Tanzania kukuta, katika nyumba moja na kando ya sufuria moja, mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye uzito wake uko chini ya kiwango cha umri wake, na mzazi ambaye uzito wake umezidi kiwango. Wote wawili hula unga wa gunia moja, na wote wawili hushiba. Majirani huwa na maelezo yao. Mtoto husemwa kwamba amebemendwa, na mama yake hutazamwa kwa jicho la lawama. Kitambi cha baba, kwa upande mwingine, huhesabiwa kuwa ni neema na dalili ya maisha mazuri.

Sayansi ya lishe hutoa maelezo tofauti na hayo. Mtoto yule hupungua uzito kwa sababu tumbo lake hujazwa maji zaidi kuliko chakula. Mzazi huongezeka uzito kwa sababu chakula chake kimebeba nishati nyingi katika kipimo kidogo. Hali hizo mbili, ingawa zinaonekana kuwa kinyume, hufuata kanuni moja. Makusudi ya makala haya ni kuieleza kanuni hiyo, kuonyesha hesabu zake, na kupendekeza majaribio ambayo yanaweza kufanywa katika maabara ya shule ya sekondari.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Juhudi za kuboresha lishe nchini zina historia ndefu. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973. Mwaka 1975 kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa "Chakula ni Uhai" iliendeshwa kwa njia ya redio na vikundi vya masomo vijijini. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ambamo watoto walipimwa uzito vijijini na matokeo kujadiliwa na wanakijiji wenyewe.

Hata hivyo kazi haijaisha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 34 walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 idadi hiyo ilishuka hadi 30. Lakini uchunguzi ule ule wa mwaka 2015-16 ulionyesha pia kwamba wanawake 28 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo nchi hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: upungufu na uzidifu.

Nishati ya chakula hupimwaje

Mwili hauna nishati yake wenyewe. Huipata katika chakula. Nishati hiyo hutumika kuendesha moyo, mapafu, ubongo na figo, kutunza joto la mwili, kujenga tishu mpya na kufanya kazi. Katika mtu ambaye kazi yake si nzito, zaidi ya nusu ya nishati yote hutumika katika kuuendesha mwili wenyewe, hata kama amelala kitandani mchana kutwa.

Kipimo cha nishati ni jouli, ingawa wataalamu wengi wa lishe bado hutumia kilokalori, ambayo ni sawa na kilojouli 4.2 hivi. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima nishati ya vyakula na kupata wastani ambao unatumika hadi leo: gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, gramu moja ya protini kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta kilokalori 9. Maji hayatoi nishati yoyote. Vitamini na madini hali kadhalika havitoi nishati, ingawa bila hivyo mwili hauwezi kuitumia ipasavyo nishati iliyomo katika wanga, protini na mafuta.

Nambari hizo chache zinatosha kueleza mambo mengi. Chakula chenye maji mengi kina nishati kidogo katika kila gramu. Chakula chenye mafuta mengi kina nishati nyingi katika kila gramu. Kiasi cha nishati kilichomo katika kipimo fulani cha chakula huitwa msongamano wa nishati. Jedwali lifuatalo linaonyesha msongamano huo katika baadhi ya vyakula vya kawaida.

Nishati katika gramu 100 za chakula (makadirio, kwa kilokalori)

Mchicha uliochemshwa bila mafuta: 25
Uji mwepesi (unga gramu 8 katika kila gramu 100 za uji): 29
Viazi mviringo vilivyochemshwa: 85
Ugali: 120
Maharage yaliyochemshwa: 130
Chipsi: 300
Unga mkavu wa mahindi: 360
Karanga: 570
Mafuta ya kupikia: 900

Mwanafunzi na alinganishe mistari miwili ya jedwali hilo: viazi vilivyochemshwa na chipsi. Kiazi ni kile kile. Kinapokaangwa, sehemu kubwa ya maji yake hutoka kama mvuke, na mafuta huingia. Kile kisicho na nishati kimeondoka, na kile chenye nishati nyingi kuliko vyote kimechukua nafasi yake. Ndiyo maana msongamano wa nishati huongezeka zaidi ya mara tatu.

Hesabu ya kikombe cha uji

Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Hukadiriwa kwamba kwa mlo mmoja linaweza kupokea gramu 30 hivi za chakula kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 10, basi, hawezi kula zaidi ya gramu 300 kwa mara moja, hata akibembelezwa namna gani.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa umri wa miezi 12 hadi 23 ambaye bado ananyonya anahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka katika vyakula vingine, mbali na zile anazozipata katika maziwa ya mama. Sasa na ichukuliwe kwamba mtoto huyo hulishwa uji mwepesi wenye unga gramu 8 katika kila gramu 100, mara tatu kwa siku.

Unga katika mlo mmoja: 300 × 8/100 = gramu 24
Nishati katika mlo mmoja: 24 × 3.6 = kilokalori 86
Nishati kwa siku: 86 × 3 = kilokalori 258

Mtoto ameshiba mara tatu, hakulia njaa, na mama ametimiza wajibu wake kama alivyofundishwa. Lakini mtoto amepata chini ya nusu ya nishati anayoihitaji. Siku moja ya namna hiyo haina madhara makubwa. Miezi sita ya namna hiyo humfanya aache kukua. Hakuna aliyembemenda. Maji yalichukua nafasi ya unga ndani ya kikombe, na mama hulaumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kuongeza unga. Unga ukizidishwa mara mbili, nishati nayo huzidi mara mbili. Hapo hutokea tatizo jipya: uji huwa mzito mno, na mtoto ambaye bado hajaota magego hawezi kuumeza. Chembe za wanga zikipashwa joto hufyonza maji na kuvimba, kisha hushikamana na kuwa kama gundi. Ndiyo sababu mama huongeza maji, na kwa kufanya hivyo hurudi pale pale alipoanza.

Kazi ya kimea

Utatuzi mmoja umo katika ujuzi wa siku nyingi wa watengenezaji wa pombe za kienyeji, nao ni kimea. Mbegu ya nafaka inapoanza kuota, hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kukata minyororo mirefu ya wanga ili mche uweze kuitumia. Watafiti wa lishe nchini Tanzania waliuchunguza uwezo huo katika miaka ya 1980 na kuonyesha kwamba unga kidogo wa kimea ukitiwa katika uji mzito, uji huo hulainika na kutiririka baada ya muda mfupi.

Ulezi hulowekwa maji safi kwa siku moja, kisha hutandazwa mahali penye unyevu hadi uchipue, hukaushwa vizuri juani, na kusagwa. Uji mzito hupikwa kama kawaida, huachwa upoe kidogo, kwa sababu joto la kuchemka huharibu kimeng'enya, kisha hutiwa kijiko cha kimea na kukorogwa. Ukishalainika huchemshwa tena ili kuua vijidudu.

Mambo matatu yafaa kuangaliwa. Kwanza, kimea hakiongezi nishati. Huruhusu tu unga mwingi zaidi kuingia katika kikombe. Kukitia katika uji ambao tayari ni mwepesi ni kazi bure. Pili, kama kimea ni cha mtama, machipukizi na vijimizizi lazima viondolewe, maana vina kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Tatu, nafaka au karanga zilizoota ukungu zisitumiwe kabisa. Sumukuvu itokanayo na ukungu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Hesabu ya mtoto yule na ifanywe upya. Uji sasa una unga gramu 16 katika kila gramu 100, umelainishwa kwa kimea, na mara moja kwa siku umetiwa gramu 10 za karanga zilizotwangwa.

Unga katika mlo mmoja: 300 × 16/100 = gramu 48
Nishati ya uji kwa siku: 48 × 3.6 × 3 = kilokalori 518
Nishati ya karanga: kilokalori 57
Jumla: kilokalori 575

Kiwango kimefikiwa, na tumbo ni lile lile. Hata hivyo nishati pekee haijengi mwili. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage na kunde zina lisini ya kutosha. Kwa hiyo maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, yai au maziwa huhitajika pia, pamoja na mboga na matunda.

Hesabu ya mtu mzima

Kwa mtu mzima kanuni ni ile ile, lakini mwelekeo ni kinyume. Chukua mtu aliyekuwa akilima kwa jembe na kutembea kilomita kadhaa kila siku, ambaye sasa anakaa ofisini na kupanda daladala. Mahitaji yake ya nishati yamepungua, lakini sahani yake haikupungua. Tena mjini vyakula vyenye msongamano mkubwa wa nishati hupatikana kila kona: chipsi, maandazi, sambusa na soda. Sahani ya gramu 300 za chipsi ina kilokalori 900. Uzito ule ule wa viazi vilivyochemshwa una kilokalori 255.

Soda inastahili kutajwa peke yake. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida huwa na gramu 30 hivi za sukari, yaani kilokalori 120. Kwa kuwa ni kinywaji, haipunguzi hamu ya kula kama vile chakula cha kutafuna kinavyopunguza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu ya kumi ya nishati yote. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, kiasi hicho ni gramu 50. Soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko viwili viwili vya sukari hukaribia kukimaliza.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi kilokalori 7,700 hivi. Kwa hesabu ya haraka, mtu anayezidisha kilokalori 100 kila siku angeongezeka kilo 4.7 kwa mwaka. Kwa kweli ongezeko huwa dogo kuliko hilo, kwa sababu mwili uliokuwa mzito hutumia nishati zaidi kujiendesha na kujibeba. Lakini mwelekeo ni huo, na miaka kumi ya ziada ndogo ndogo hutosha kumletea mtu shinikizo la damu au kisukari cha ukubwani.

Kujinyima chakula si dawa

Mtu akishajua kwamba uzito wake umezidi, mara nyingi hutafuta njia ya mkato: kukaa siku nzima bila kula, kunywa maji ya ndimu peke yake, au kununua vidonge visivyojulikana asili yake. Wasichana wa sekondari hawakukosekana katika jambo hili.

Jinsi mwili unavyopambana na njaa ilionyeshwa waziwazi katika uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya Ancel Keys, katika miaka ya 1944 na 1945. Vijana 36 wenye afya njema walijitolea kulishwa chakula pungufu kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakupoteza mafuta tu, bali misuli pia. Mapigo ya moyo yalipungua kasi, walihisi baridi, walikosa ari ya kazi, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Mwili ulikuwa umepunguza matumizi ili kujihami. Waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula kupita kiasi na kunenepa.

Somo ni kwamba uzito upunguzwe polepole, kiasi cha nusu kilo kwa wiki au pungufu, bila kuacha mlo hata mmoja, na pamoja na mazoezi ya mwili ambayo huilinda misuli. Kwa kijana ambaye bado anakua, na kwa mama mjamzito, kupunguza uzito kusijaribiwe bila ushauri wa mganga.

Mlo kamili katika sahani

Kwa miaka mingi wanafunzi wamefundishwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Fundisho hilo ni sahihi, ila halijatimia, maana linataja aina bila kutaja kiasi. Mtu anaweza kula aina zote tatu na bado akazidisha.

Njia rahisi ni kuitazama sahani yenyewe. Kwa mtu mzima, karibu nusu ya sahani iwe mboga na matunda: mchicha, kisamvu, matembele, papai, embe, chungwa. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Na kama ni ugali, dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa kiini na ganda la punje hubaki na nyuzinyuzi, vitamini na madini. Robo nyingine iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au nyama. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka katika chupa. Mkulima wa jembe, mchukuzi wa mizigo na mama anayenyonyesha waongeze sehemu ya ugali na maharage kulingana na kazi yao. Aliyekonda na anataka kuongeza uzito atumie kanuni ile ya uji: karanga, maziwa, parachichi na mafuta kidogo katika mboga, tena kwa milo mingi zaidi.

Kuupima uzito

Mwanahesabu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aligundua katika karne ya 19 kwamba uzito wa watu wazima hulingana na mraba wa urefu wao. Kwa hiyo uzito kwa kilo hugawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita. Jawabu likiwa chini ya 18.5, mtu ana upungufu, kuanzia 18.5 hadi chini ya 25, uzito unafaa. Kuanzia 25 umezidi. Na kuanzia 30 ni unene wa hatari.

Mwalimu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 72 hupata 72 ÷ (1.60 × 1.60) = 28.1. Ili afikie chini ya 25, uzito wake uwe chini ya kilo 64.

Kipimo hiki kina mipaka. Hakitofautishi misuli na mafuta, na hakifai kwa mama mjamzito. Kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 19 hutumika chati za umri. Mizani yenyewe nayo yaweza kudanganya: mtoto mwenye kwashakoo huvimba kwa maji, akaonekana si mwembamba, na hali maisha yake yamo hatarini. Ndiyo maana muuguzi wa kliniki hubonyeza pia miguu ya mtoto kwa kidole.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza: nishati ya karanga. Pima uzito wa punje moja ya karanga, ichome katika ncha ya sindano ndefu, iwashe, na uiweke chini ya neli ya majaribio yenye maji mililita 20. Soma halijoto kabla na baada. Kwa mfano, karanga ya gramu 0.5 ikipandisha halijoto ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi, nishati iliyopokewa na maji ni 20 × 4.2 × 40 = jouli 3,360, yaani kilojouli 6.7 kwa gramu. Thamani halisi ni karibu kilojouli 24. Wanafunzi waeleze nishati iliyobaki imekwenda wapi.

Jaribio la pili: nguvu ya kimea. Pika uji mzito na ugawe katika vikombe vitatu ungali na joto la wastani. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia kijiko cha kimea. Cha tatu tia kijiko cha kimea ambacho kimechemshwa kwanza katika maji kidogo. Baada ya dakika 10 inamisha vikombe na ulinganishe jinsi uji unavyotiririka. Chukua tone la kila kikombe, lizimue kwa maji, na ulitie iodini. Uji wa majaribio usiliwe.

Maswali

1. Kwa nini uji wa kikombe cha tatu haukulainika kama wa kikombe cha pili?
2. Mtoto wa kilo 8 hulishwa mara nne kwa siku uji wenye unga gramu 10 katika kila gramu 100. Hupata kilokalori ngapi?
3. Mama mmoja anatia kijiko cha kimea katika uji mwepesi wa mwanawe, lakini mtoto haongezeki uzito. Andika maelezo ambayo ungempa, kwa maneno yasiyomlaumu.
4. Orodhesha vyakula vyote vilivyoliwa nyumbani kwenu jana. Vipange kwa msongamano wa nishati, kisha taja kimoja ambacho mdogo wako anafaa kuongezewa na kimoja ambacho mtu mzima anafaa kupunguza.